Chui wa Cheche na Mlinzi wa Ghala

Kaka yangu huitwa Mkono. Jina hilo alipewa kazini, likamfuata hadi nyumbani, na siku hizi hata mimi niliyezaliwa naye tumbo moja nikitaja jina lake halisi najisikia kama namwita mpangaji. Kazi yake ni kung'atwa. Kuna kampuni ya ulinzi yenye uwanja wa kufundishia mbwa, na mbwa hawezi kujifunza kumkamata mwizi kama hakuna mwizi. Mwizi huyo ndiye kaka yangu. Anavaa mkono wa kinga, mnene kama mto wa kulalia, anashika kisu cha mbao, anakimbia, na mbwa wanaachiwa. Mtu mzima mwenye mvi anashinda akikimbizwa, halafu jioni anarudi kuniuliza kwa nini sijaanua nguo zake.

Tunakaa nyumba tuliyoachiwa na wazazi. Yeye ana vyumba vya nyuma, mimi vya mbele, na kile kinachotazama barabara nimekifanya saluni. Katikati yetu kuna ua, kamba ya nguo na bomba linalovuja. Hakuoa. Alikaribia mara moja, lakini wifi yangu mtarajiwa alipoelezwa kwamba kila Jumamosi mchana mumewe atakuwa mezani anarusha dadu, alicheka sana, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Ndoa ikaishia hapo.

Mchezo wenyewe niueleze, maana wateja wangu wanadhani ni kamari. Mtu mmoja ni msimulizi: anawaambia mko wapi, mnaona nini, mlango uko upande gani. Wengine, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na nguvu za mtu huyo zimeandikwa kwenye karatasi. Unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, na dadu inasema kama ameweza au ameumbuka. Basi. Ni hadithi mnayoitunga kwa midomo yenu, na hakuna kati yenu anayejua itakwishaje. Kaka aliubuni wote mwenyewe: mji wenye ukuta, pori nje ya ukuta, watu wa mji wenye mikuki na mapanga, na wanyama wenye akili zao. Msimulizi daima alikuwa yeye.

Mimi niliingizwa ili kujaza kiti. Nilikuwa mwanamke mwenye shoka anayelinda daraja, na sikuona sababu ya kumpa tabia nyingine yoyote zaidi ya zile nilizonazo saluni. Alikuwepo pia karani mmoja, mpole, ila alipata uhamisho akaaga vizuri. Na alikuwepo Cheche.

Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma, rafiki wa kaka tangu walipokuwa wakikaa dawati moja shuleni. Ana mikono imejaa alama za moto na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza kabisa kaka alipomuuliza anataka kuwa nani, askari, mwindaji au mganga, Cheche alisema, "Watu wananichosha kazini. Nipe mnyama."

Akapewa chui jike. Ungemwona! Yule mtu wa kelele, zamu yake ikifika anashusha sauti hadi tunasogeza viti. Chui wake ana sikio moja lililochanika. Chui wake hanywi maji yaliyotuama. Chui wake hapiti njia aliyopita jana. Alicheza hivyo miaka na miaka, na mimi niliyekuwa nakwenda huku nimenuna, nilianza kuwahi kuwafunga wateja vitambaa ili nisikose chui ameamkaje.

Kisha ikaja Jumamosi ya ghala. Chui alikuwa na njaa, akaruka ukuta, akaingia kichochoro kilicho nyuma ya ghala la nyama kavu. Mlinzi mmoja yuko mle ndani na mkuki. Si mtu wa maana. Kaka hakuwa hata amempa jina wala karatasi, alimweka tu kama mtu anavyoweka kufuli. Cheche akasema, "Namrukia."

Kanuni ya kaka ilikuwa hivi: mwenye silaha ndefu hupiga kwanza. Anayetaka kumkaribia lazima ale pigo ndipo naye apige. Mlinzi akapiga, dadu ikampenda. Chui akapiga, akamkwaruza. Zamu ya pili, mlinzi tena kwanza, kwa sababu mkuki bado ni mrefu. Dadu ikampenda tena. Chui wa miaka yote ile akafa kichochoroni mbele ya mtu asiye na jina.

Cheche hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

"Mkono," alisema, "kile kichochoro umesema kina upana gani?"

"Mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili."

"Na chui ameshaipita ncha ya mkuki. Yuko kifuani kwake. Huo mkuki anauzungusha wapi? Anamchoma kwa kitu gani, kwa kivuli chake?"

Kaka angeweza kusema neno moja tu, *kweli*, na leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini kaka yangu ni kichwa ngumu wa daraja la kwanza. Akasema, "Kanuni ni kanuni. Tungekuwa tunazibadilisha kila anapokufa mtu, ungekuwa mchezo gani?"

"Wewe unang'atwa kila siku," Cheche alisema. "Wewe ndiye uniambie." Akachukua koti lake, akaniambia, "Shemeji, kwa heri," maana huniita shemeji kwa utani ingawa hakuna aliyemwoa yeyote, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Hasira hasara, tunasema, lakini hasira ya Cheche ilikuwa haki yake. Kilichoniudhi mimi ni alichofanya kaka. Badala ya kwenda kwa mwenzake, ambaye karakana yake iko mwendo wa kufuata barabara tu na kukata kona, alijifungia na kanuni.

"Nenda kamsalimie," nilimwambia nikiwa naosha masufuria.

"Nitakwenda. Nikishairekebisha."

"Nani kakuambia anataka kanuni?"

"Sasa nitakwenda na nini mkononi?" akasema, kama mtu anayealikwa harusini.

Nikamwelewa, na kumwelewa kukaniumiza. Kaka hajui kusema amemkumbuka mtu. Hajui kabisa, hakufundishwa. Marehemu mama alipokuwa anaumwa, yeye alitengeneza kitanda chake hadi kikawa hakitoi sauti, lakini kukaa kando yake akamshika mkono, hakuweza. Kwa hiyo sasa alikuwa anamtengenezea Cheche kitanda.

Jumamosi mchana alikuwa akiweka meza kama kawaida, viti vilevile, anacheza pande zote mbili peke yake. Mkono wa kulia mlinzi, mkono wa kushoto mnyama. Ukipita uani unamsikia akiuliza, "Unafanya nini?" halafu akijijibu. Nilikuwa naanika taulo za saluni na kujifanya sisikii. Hakuna sauti ya upweke kuliko ya mtu mzima anayejiuliza swali na kujipa zamu.

Mara ya kwanza aliwaongezea wanyama wote nguvu za uhai na kuzidisha meno mara mbili. Akaniita nijaribu. Nikamleta mwanamke wangu wa shoka darajani, amevaa deraya ya ngozi, amekula, amelala vizuri. Akauawa na mbuzi.

"Mbuzi?" nikasema.

"Ni mnyama," kaka akajibu kwa aibu. "Niliwaongezea wote."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka, alifuta.

Mara ya pili alikuja na jambo la maana zaidi, na hili lilitoka uwanjani kwake. Alisema kuna umbali wa aina mbili. Mkiwa mbali, mkuki ni mfalme, mnyama anayekuja mbio lazima aogope ncha. Lakini akishapita ncha, mmeshikamana, na mkishikamana mkuki ni mzigo. Mwenye mkuki ana mawili: aung'ang'anie afe nao, au auache aanguke achomoe kisu kifupi. Na mnyama akishauma haumi upya kila zamu, anashikilia tu, na unayeng'atwa kila unachofanya unakifanya ukiwa na uzito wake. "Watu wanadhani meno ndiyo kazi," aliniambia. "Meno ni mlango tu. Uzito ndio unaingia." Akakunja shati kunionyesha bega lililovutwa miaka mingi hadi limeshuka kuliko lenzake. Nilikuwa sijawahi kuliona. Dada mtu, nyumba moja!

Hapo kanuni ilikuwa nzuri. Nilimwambia, sasa nenda. Akasema bado. Kuna kitu bado kinamkera: kila pambano linaisha na maiti. Ama mlinzi ama mnyama, mmoja lazima afe, na akiongeza kidogo huku wanakufa wale, akipunguza wanakufa hawa. "Uwanjani haiko hivyo," alisema. Miezi ikaenda. Mvua zilikuja zikakatika, bomba likavuja, na yeye bado anapunguza na kuongeza.

Jawabu lilimjia kutoka kwa Shangazi. Shangazi ni mbwa jike, mzee wa kundi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kuwatazama wadogo kwa dharau. Siku moja walikuja wateja kutazama mazoezi, na mkufunzi akamwambia kaka asimhurumie, apige fimbo kwelikweli ili waone mbwa asiyeachia. Shangazi akaja, akarukia, akauma mkono wa kinga. Kaka akapiga. Shangazi akashikilia. Kaka akapiga tena, na hapo, kaka anasema, yule mbwa alimtazama usoni. Kisha akaachia. Hakukimbia wala hakulia. Akatembea hadi kwenye kivuli cha ukuta, akajilaza, akaanza kujilamba mguu.

Wateja wakacheka. Mkufunzi akasema, "Huyu ameisha."

"Hakuogopa," kaka aliniambia jioni ile tukiwa kwenye kamba ya nguo, na alikuwa ameshika shati langu lililolowa bila kujua ameshika nini. "Alipima. Akaona hana anachopata pale. Mnyama hana geti la kulinda, hana mshahara, hana wa kumwona shujaa. Akitoka mzima, ameshinda. Ni binadamu tu ndiye lazima abaki."

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," nikasema.

"Ndiyo hiyo!" Akaniachia shati mikononi akaenda kuandika.

Hivyo ndivyo ilivyokamilika. Kila wakiachana kupumua, mnyama ana haki ya kuondoka, na akigeuka hakuna wa kumpiga mgongoni. Mlinzi ameshinda kama ghala ni salama. Mnyama ameshinda kama yuko hai. Wote wawili wanaweza kushinda siku moja, kitu ambacho kaka alikuwa hajawahi kukifikiria katika maisha yake yote ya ubishi.

Jumamosi akavaa shati la kupiga pasi. "Nisindikize," akasema. Mtu anayekabiliwa na mbwa wanne kabla ya chai anaomba kusindikizwa kwa rafiki yake! Sikumtania. Nilifunga saluni.

Karakana ya Cheche ilikuwa wazi, lakini kimya. Kaka alisimama mlangoni, akapiga moyo konde, akasema, "Hodi."

"Karibu!" Jibu lilitoka haraka, hata kabla hodi haijaisha, kama la mtu aliyekuwa ameliweka mdomoni muda mrefu.

Cheche alitoka nyuma ya mageti mawili ambayo hayajapakwa rangi. Amekonda. Alifinya macho hadi alipotujua, kisha akacheka ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara, akamshika kaka mkono akawa haachii. Mimi macho yangu yalikuwa yameshazunguka. Mashine ya kuchomelea ilikuwa imefungwa kamba. Nyundo na koleo zimo ndani ya masanduku. Ukutani yalibaki madoa meupe mahali vitu vilipokuwa vikining'inia.

"Unahama, shemeji?" nikauliza, maana kaka asingeona hata paa lingeondolewa.

"Macho yamekataa," Cheche akasema. "Huu moto nimeutazama mno. Kijana wangu kasema tukakae kwake, mimi na mama yake. Ni mbali. Gari linakuja keshokutwa."

Kaka alikuwa bado ameshika karatasi yake. "Nilikuwa nairekebisha kanuni," alisema. "Ya kichochoroni. Ulikuwa na haki. Nilitaka nikuletee ikiwa sawa."

"Muda wote huu?"

"Ilikuwa ngumu."

Cheche alimtazama kwa yale macho yake mekundu. "Mkono, mimi nilikasirika wiki moja. Baada ya hapo nilikuwa nasubiri hodi tu."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, na tuliusikiliza hadi ukapotea. Nilitamani kumpiga kaka yangu kofi, na nilitamani pia kumfunika shuka.

Cheche ndiye aliyetuokoa. Alipangusa meza ya chuma kwa kiganja, akavuta ndoo akakaa. "Haya. Kichochoroni. Chui wangu kafufuka. Soma."

Hakuweza kuisoma karatasi mwenyewe, hata alipoinyoosha mbali, kwa hiyo nilimsomea mimi, kanuni zote, za mbali na za karibu, uzito, kisu, na ile ya mwisho. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kaka akatoa dadu mfukoni. Dadu zikawa zinalia juu ya chuma, tofauti na mbao za nyumbani.

"Namrukia," Cheche akasema, na sauti ikashuka, ile ile.

Mkuki ulimkwaruza ubavu, si zaidi. Akapita ncha. Akamshika mlinzi begani. Kaka akasema mlinzi anaachia mkuki, anatafuta kisu. Uzito ukafanya kazi yake, mkono haukufika kiunoni. Zamu iliyofuata kisu kikatoka, kikampata chui pajani. Chui akashikilia. Wakaanguka wote. Walikuwa wameinamiana juu ya meza hadi vipaji vya nyuso vinakaribia kugusana, wazee wawili, na walikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa yeyote kati yao. Kisha dadu ikawaachanisha. Mlinzi amelala chali, kisu kimeanguka, uhai wake umebaki wa kupulizwa tu. Chui amesimama juu yake. Zamu ya chui.

"Mmalize," kaka akasema. Alikuwa anatabasamu. Alitaka kabisa mlinzi wake afe, ilikuwa ndiyo zawadi yenyewe.

Cheche akaokota dadu, akazipima kiganjani, akazirudisha mezani mbele ya kaka bila kuzirusha.

"Naondoka," akasema.

"Lakini umeshinda!"

"Ndiyo. Si umeandika mwenyewe? Akitoka mzima, ameshinda." Akapapasa paja lake, kana kwamba kisu kilimpata yeye. "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kameumia, kamezeeka. Kanaruka ukuta, kanarudi porini. Mlinzi na abaki na ghala lake salama."

Kaka akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kanuni, "Na mlinzi? Akishaondoka chui, mlinzi anafanya nini?"

"Hilo hukuliandika," Cheche akasema kwa upole.

Gari lilikuja siku waliyosema. Kaka alikwenda kusaidia kupakia masanduku, akarudi na alama ya kamba viganjani, akaniuliza kama nimeanua nguo zake. Nikamwambia nimeanua.

Jumamosi niliona kupitia dirishani ameweka meza. Viti vyote. Amechukua karatasi mpya, anaandika, na kutoka uani niliweza kuona ni karatasi ya mtu: yule mlinzi, hatimaye, anapewa nguvu zake, umri wake, kovu la begani. Dadu zilikuwa kando. Hakuzirusha. Alikuwa ameupa mlango mgongo, amekaa kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Tangu tuzaliwe sijawahi kubisha mlango wa kaka yangu. Naingia tu, nagombana, natoka. Siku ile sijui ni nini kilichonisimamisha kizingitini na kitambaa cha saluni begani.

"Hodi," nikasema.

"Karibu!" alijibu haraka, akageuka na uso umewaka wote, mkono umeshaanza kuvuta kiti cha Cheche, kile cha upande wa kulia.

Aliponiona, mkono ukasimama.

"Ah," akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi," nikasema, nikaingia, nikakaa kwenye kiti changu.